Namna ya Kuzuru Mashamba ya Zabibu ya Dodoma na Kuonja Mvinyo Pamoja na Vyakula vya Ugogoni

Watu wengi hufika Dodoma kwa kikao cha wizara, kwa mkutano au kumpeleka mtoto chuoni, wakalala usiku mmoja au miwili, na wakati wa kuondoka wakanunua boksi la zabibu kando ya barabara bila kuwahi kuuona mzabibu wenyewe. Mwongozo huu ni kwa ajili ya yule anayetaka kubaki siku tatu hivi, aingie mashambani, aone jinsi zabibu inavyogeuka kuwa mvinyo, na ale chakula cha Wagogo mahali kinapopikwa. Ni vyema aelewe tangu mwanzo kwamba ziara ya namna hii mara nyingi haimsubiri mtu ikiwa imekwisha kupangwa, kama zilivyo safari za Ngorongoro au Zanzibar. Hapa msafiri huipanga mwenyewe, na anayeipanga kwa kufuata kalenda ya mzabibu huona mengi, ilhali anayefuata nafasi ya likizo yake peke yake huweza kukuta mizabibu imepogolewa, vichala hakuna, na mageti ya viwanda yamefungwa.

Kwa nini zabibu hapa, na kwa nini mara mbili kwa mwaka

Dodoma iko takribani nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mahali ambapo mtu asingetarajia mzabibu, kwa kuwa mti huu umezoea nchi zenye majira ya baridi. Kinachouwezesha kustawi ni mwinuko wa karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, unaofanya usiku uwe wa ubaridi hata pale ambapo mchana umekuwa wa jua kali, pamoja na ukame: mvua huanza mwishoni mwa mwaka na kukoma Aprili, na jumla yake kwa mwaka haifiki mbali sana na milimita 600. Udongo una mchanga mwingi, haushiki maji, na mzabibu haupendi kukaa na miguu majini.

Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi, ukapukutisha majani, kisha ukaamka majira ya kuchipua. Dodoma haina baridi ya kuulaza, kwa hiyo mkulima huulaza kwa mkono wake: hupunguza au hukata maji, kisha hupogoa matawi, na mti hulazimika kuchipua upya. Baada ya miezi minne au mitano kutoka siku ya kupogoa, vichala huwa vimeiva. Ndiyo maana mavuno ni mawili kwa mwaka, moja likiangukia kati ya Februari na Aprili, la pili kati ya Agosti na Septemba. Jambo hili moja ndilo linalopaswa kutawala mpango wako wote wa safari.

Mzabibu uliletwa hapa na wamisionari Wakatoliki, na misheni ya Bihawana, kusini mwa mji, ndiyo inayotajwa zaidi wenyeji wanapoeleza chanzo chake. Kanisa lilihitaji divai ya misa, na udongo ukaonekana kufaa. Hata leo utasikia watu wazima wakisema divai wanapozungumzia ile ya altareni, na mvinyo wanapozungumzia ile ya mezani. Baadaye kilimo kikaenea kwa wakulima wadogo, kikapanda na kuporomoka kulingana na kuwapo kwa wanunuzi, hasa pale kiwanda cha mvinyo cha umma, DOWICO, kilipodhoofika na kusimama. Ukizungumza na mkulima mwenye umri mkubwa, muulize kuhusu miaka hiyo. Utaelewa ni kwa nini swali la kwanza la kila mkulima wa zabibu si mvua bali mnunuzi.

Aina utakazokutana nazo ni chache, na inatosha kuzijua tatu. Ya kwanza ni Makutupora nyekundu, iliyopewa jina la eneo lake, ndiyo sura ya mvinyo mwekundu wa Dodoma. Ya pili ni Chenin Blanc, ambayo wakulima huiita Chenin tu, inayotoa mvinyo mweupe. Ya tatu ni Syrah, nyekundu pia, ambayo hupatikana katika baadhi ya mashamba. Zabibu za kula zinazouzwa barabarani ni habari nyingine. Nyingi huwa tamu na zenye ganda jepesi, ilhali zabibu ya mvinyo ina ganda gumu na mbegu, na utamu wake unakuja pamoja na uchachu.

Chagua majira kabla ya kuchagua hoteli

Kama unaweza kuchagua, nenda Agosti. Mavuno ya kiangazi ndiyo ninayoyapendelea kwa sababu hakuna mvua ya kuosha vichala wala unyevu wa kuleta ukungu, barabara za vumbi zinapitika, na usiku una ubaridi wa kumfanya mtu afurahie glasi ya mvinyo mwekundu. Mwanzoni mwa mwezi huo kuna Maonesho ya Nanenane katika viwanja vya Nzuguni, na hapo wasindikaji wadogo, ambao ingekuchukua siku nyingi kuwatafuta mmoja mmoja mitaani, hukaa katika viwanja hivyohivyo na chupa zao. Ukifika siku chache kabla ya tarehe 8, zunguka mabanda yao asubuhi kabla umati haujaja, onja kidogo, na chukua namba za simu za wale waliokuvutia. Kisha omba kutembelea mashamba yao siku zinazofuata. Sijaona njia bora zaidi ya kuanza ziara hii.

Mavuno ya Februari hadi Aprili nayo yana uzuri wake, kwa kuwa nchi yote huwa ya kijani na mibuyu ina majani. Hata hivyo barabara za ndani huweza kukwamisha gari dogo, na wakulima huwa na wasiwasi wa ukungu. Kipindi cha kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni kikwepe kama huna sababu nyingine ya kuwa Dodoma, kwani Bunge la bajeti hukaa wakati huo, na vyumba vya kulala hupanda bei au hukosekana kabisa.

Safari ya kwanza niliyofanya ilikuwa Novemba. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba kiwanda fulani hupokea wageni, nikakodi bajaji kutoka mjini, nikasafiri juani kwa mwendo mrefu, na nilipofika mlinzi alinieleza kwa upole kwamba hakuna usindikaji unaoendelea, msimamizi hayupo, na hakuna mtu aliyeachiwa ruhusa ya kupokea wageni. Shamba la jirani lilikuwa limepogolewa wiki hiyo, visiki vitupu. Tangu siku hiyo sijawahi kwenda mahali popote bila kupiga simu mara mbili, mara ya kwanza wiki moja kabla na mara ya pili jioni ya kuamkia siku yenyewe, na namba ninayoitafuta si ya ofisi bali ya mtu atakayekuwapo. Ukipiga simu, sema mko wangapi, mnataka kuona shamba au kiwanda au vyote viwili, na uliza kama kuna malipo ya kuonja. Ukipenda kuona utafiti wa aina za zabibu, kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania kinajishughulisha na zao hili, lakini ni ofisi ya serikali. Andika barua au wasiliana nao mapema, usitokee tu getini.

Kufika Dodoma kumekuwa rahisi. Treni ya SGR kutoka Dar es Salaam ilianza kubeba abiria hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, na safari ambayo kwa basi ilikuwa ikichukua sehemu kubwa ya siku sasa inachukua takribani saa nne. Ukipanda ya asubuhi unafika ukiwa bado na nguvu za kutembea alasiri. Mjini tumia bajaji na bodaboda, lakini kwa siku za mashambani kodi gari pamoja na dereva kwa siku nzima, mkubaliane bei na njia kabla ya kuondoka. Anayeonja mvinyo hapaswi kushika usukani, hata kama ameonja vidogo vidogo, na hapaswi kupanda bodaboda kwenye barabara ya vumbi.

Njia tatu za kutoka mjini

Upande wa kusini, kwa barabara ya Iringa, kuna Bihawana na Mpunguzi. Huu ndio upande ninaoshauri uanze nao, kwa kuwa mashamba ya wakulima wadogo yanaonekana kutoka barabarani na hadithi ya mzabibu inaanzia huko. Upande wa kaskazini, kwa barabara ya Kondoa na Arusha, utapita Msalato, Veyula, kisha Makutupora, zote zikiwa ndani ya kilomita thelathini hivi. Upande huu uuweke siku ya Jumamosi, kwa sababu nitakayoieleza kwenye chakula. Hombolo, kaskazini mashariki, yapata kilomita 40 kutoka mjini, kuna mashamba, kuna kiwanda cha mvinyo, na kuna bwawa lililojengwa mwaka 1957. Inafaa kwa nusu siku, hasa kwa anayependa samaki. Mwelekeo wa mashariki, Chamwino na Chinangali, una mashamba makubwa ya umwagiliaji, nao unaweza kuuunganisha na safari ya kurudi kama umekuja kwa gari lako kutoka Morogoro.

Usijaribu kuzimaliza njia zote kwa siku moja. Sehemu mbili kwa siku zinatosha, moja asubuhi na moja alasiri, na katikati yake chakula cha kukaa chini.

Ndani ya shamba

Vaa viatu vilivyofunika miguu, kwa kuwa mbigili za Dodoma hazina huruma, vaa kofia, na beba maji yasiyopungua lita mbili kwa kila mtu. Fika saa moja au saa mbili asubuhi; wavunaji huanza mapema ili zabibu zisichemke juani. Wasalimie watu kabla ya kutoa simu ya kupigia picha. Kwa mtu mmoja unaweza kusema "Mbukwa", kwa wengi "Mbukwenyi", na kwa wazee ongeza shikamoo yako kama kawaida. Salamu ya Kigogo kutoka kwa mgeni hufungua mazungumzo kuliko swali lolote. Picha omba ruhusa, na kichala usikikate mwenyewe.

Ukipewa punje ya Makutupora nyekundu, usiitafune haraka. Ibonyeze kwanza kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ganda lipasuke na nyama yake itoke yenyewe, kisha uiangalie nyama hiyo, iliyo nyepesi kwa rangi, na uangalie ganda lililobaki mkononi likiacha zambarau kwenye ncha za vidole. Hapo umepata somo zima la mvinyo mwekundu: rangi iko kwenye ganda, si kwenye maji. Weka ganda mdomoni peke yake, ulitafune polepole, na utasikia ukakasi ukikaza ulimi na fizi, kama vile umeuma korosho bichi au ndizi isiyoiva. Kisha utafune mbegu. Ikiwa imeiva itakuwa ya kahawia na itavunjika kwa sauti, ikiwa bado itakuwa ya kijani na chungu. Ukakasi huu ndio utakaokutana nao tena kwenye glasi jioni.

Muulize mkulima alipogoa lini, na mchwa wamemla kiasi gani, kwa sababu mchwa wa Dodoma hula nguzo na visiki vya mizabibu bila kuchoka. Muulize kuhusu ubwiri unga na ubwiri vinyoya, magonjwa mawili ya ukungu yanayowasumbua zaidi msimu wa mvua, na kuhusu salfa anayopulizia. Muulize pia anamuuzia nani. Wengine huuza zabibu kwa kilo kwa viwanda, wengine hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani maji ya zabibu yaliyokamuliwa kabla hayajawa mvinyo kamili, ambao hununuliwa na wasindikaji wakubwa. Zabibu ikishakatwa haisubiri; ikikosa mnunuzi ndani ya siku moja au mbili, kazi ya miezi mitano huoza kwenye makreti. Kwa hiyo kama unapenda zabibu, nunua hapo hapo shambani kwa bei anayoitaja, usimpunje, na ukifika mahali pa kulala zioshe vizuri kabla ya kula, kwa kuwa vumbi la salfa huweza kubaki juu ya ganda.

Kiwandani

Msimu wa mavuno, omba uonyeshwe mahali zabibu zinapopokelewa kabla ya kuingia kwenye matangi. Utaona mtu akiminya punje moja, akidondosha tone la maji yake kwenye kioo cha kifaa kidogo kinachofanana na darubini, kisha akikielekeza kwenye mwanga na kuchungulia. Hicho ni kipima sukari. Kipimo husomwa kwa nyuzi za Brix, na kila nyuzi moja, chachu ikiimaliza yote, hutoa zaidi kidogo ya nusu asilimia ya pombe. Zabibu za nyuzi 22 kwa hiyo huishia kwenye mvinyo wa takribani asilimia 12. Omba uchungulie na wewe. Wasimamizi wengi hukubali kwa furaha, na ukishaona mstari ule kwa macho yako, namba iliyo kwenye lebo ya chupa haitakuwa tena jambo la kubahatisha.

Nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake kwa siku kadhaa, na ndipo hukamuliwa. Nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, na maji peke yake yakachachushwa. Ukiinama karibu na tangi la nyekundu lililo kazini utasikia sauti ya kuchemka na harufu ya matunda na mkate mbichi, lakini usiingize kichwa ndani, kwani hewa ya ukaa inayotoka humo huweza kumzimisha mtu. Kila chupa ya mililita 750 imekula zaidi kidogo ya kilo moja ya zabibu. Piga hesabu hiyo ukiwa umesimama mbele ya lundo la makreti.

Namna ya kuonja

Usionje ukiwa na njaa, na usionje ukiwa umetoka kula pilipili au kunywa kahawa. Kipande cha mkate mkavu au chapati isiyo na mchuzi kinatosha kuweka tumbo sawa. Anza na mweupe, kisha mwekundu usio na sukari, na umalizie na mtamu, kwa sababu utamu ukitangulia kila kinachofuata kitaonekana kichungu. Kuhusu mtamu, jina utakalolisikia zaidi mitaani ni Dompo. Watu wengi wa Dodoma walianzia hapo, na wako wasiotaka mwingine. Mimi nauheshimu, lakini naunywa baada ya chakula na kwa kiasi kidogo, kwa kuwa utamu wake humfichia mnywaji nguvu yake. Soma asilimia kwenye lebo kabla ya kujaza glasi.

Mimina theluthi moja ya glasi, si zaidi. Uangalie juu ya kitu cheupe, hata karatasi, uone kama uko safi au una ukungu. Zungusha glasi polepole mezani, kisha nusa mara mbili fupi badala ya mara moja ndefu. Onja kiasi cha kijiko cha chai, ukisukutue mdomoni mzima, ujiulize mambo matatu tu: uchachu unakutoa mate kiasi gani, ukakasi unakaza wapi, na ladha inabaki kwa muda gani baada ya kumeza au kutema. Kutema si utovu wa adabu. Omba kikombe au ndoo ya kutemea, na kama haipo, onja vichache zaidi. Andika neno moja au mawili kuhusu kila chupa, kwa Kiswahili chako mwenyewe, maana ukishaonja tano zote zitachanganyika. Ukwaju, zambarau, ubuyu, ngozi, udongo baada ya mvua: maneno hayo yanakusaidia zaidi kuliko majina ya matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyala.

Joto ndilo adui mkubwa wa kuonja Dodoma. Mara nyingi mwekundu huletwa ukiwa wa joto la chumba ambacho kiko nyuzi 28, na hapo unachosikia ni pombe tu. Omba chupa iwekwe kwenye jokofu kwa saa moja au zaidi kidogo, ishuke hadi karibu nyuzi 17. Mweupe ukae muda mrefu zaidi, ufike nyuzi 8 hadi 10. Nimewahi kuona mtu akiukataa mvinyo mwekundu mchana na kuusifu jioni ile ile, kutoka chupa ile ile, na tofauti ilikuwa jokofu peke yake.

Kama mwenzako hanywi, kwa imani au kwa hiari yake, asilazimishwe wala asiachwe garini. Juisi ya zabibu mbichi, juisi ya ubuyu na ya ukwaju zinapatikana, na shamba lina mengi ya kumwonyesha asiyegusa glasi hata moja.

Chakula

Hapa ndipo ninapomsihi msafiri asile chipsi hotelini. Chakula cha Ugogoni ni chakula cha nchi kavu, kilichojengwa juu ya nafaka zinazovumilia jua, majani yanayokaushwa ili yafike mwaka mwingine, na mifugo. Ukikielewa hivyo utaona kwamba ni jua lile lile linalolea zabibu.

Ugali wa uwele au wa mtama pamoja na mlenda ndio mlo wa kwanza wa kuutafuta. Mlenda mbichi hupatikana msimu wa mvua, lakini ule wa kukausha na kutwangwa hupatikana mwaka mzima, nao ndio nilioupenda zaidi. Mama mmoja wa upande wa Mpunguzi alinikaribisha jikoni kwake nimtazame akipika. Alichemsha maji kidogo yenye chembe ya magadi, akakatia nyanya mbili, na zilipolainika akaanza kunyunyiza unga wa mlenda kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia ukikoroga bila kusimama, hadi ukawa mzito na kuanza kuvutika. Kisha akaongeza karanga zilizopondwa na chumvi, akafunika kwa dakika chache. Ugali wake ulikuwa wa rangi ya kijivu, mzito, wenye harufu ya nafaka iliyosagwa siku hiyo. Tonge hubonyezwa shimo kwa kidole gumba, huchovya, kisha mkono huzungushwa kidogo hewani ili kukata uzi wa mlenda kabla ya kufika mdomoni. Mgeni asiyezungusha mkono humwagikia, na wenyeji watakuonyesha namna yake mara moja. Katika mji, ulizia migahawa ya akina mama inayopika vyakula vya asili mchana. Fika kabla ya saa nane, kwa kuwa mlenda ukiisha umeisha. Kwa mlo huu nashauri Chenin iliyopoa vizuri, kwa sababu uchachu wake hukata utelezi na kuamsha ladha ya karanga. Mwekundu wenye ukakasi hauelewani na mlenda hata kidogo.

Jumamosi ni siku ya mnada wa Msalato, na ndiyo maana nimesema njia ya kaskazini iwekwe siku hiyo. Ni mnada wa mifugo na bidhaa za kila namna, lakini watu wengi wa mjini huenda kwa ajili ya nyama choma. Fika kabla ya saa sita mchana. Nyama ya mbuzi imetundikwa. Unachagua mwenyewe kipande, mbavu kama unapenda mafuta au paja kama unapenda nyama, kinapimwa mbele yako, unaona kikiwekwa jikoni, na unasubiri muda usiopungua nusu saa. Usimharakishe mchomaji. Ikiiva hukatwakatwa juu ya ubao na kuletwa na chumvi, pilipili, kachumbari na ndizi za kuchoma. Omba pilipili iwekwe kando, kwa kuwa pilipili huufanya mvinyo uonekane mkali kuliko ulivyo. Binafsi hula nusu hapo hapo na maji au soda, na nusu nyingine naomba ifungwe. Jioni, baada ya kurudi kutoka Makutupora, naipasha moto kwenye mkaa na kufungua chupa ya nyekundu isiyo na sukari. Mafuta ya mbuzi hulainisha ukakasi, na ukakasi nao husafisha mafuta mdomoni, kila kimoja kikimwandalia mwenzake nafasi.

Samaki wapo pia, jambo linalowashangaza wengi katika nchi kavu namna hii. Hombolo kuna perege wa bwawani, na mjini huletwa samaki kutoka bwawa la Mtera. Wakikaangwa na kukamuliwa limau huenda vizuri na mweupe. Jioni za mjini kuna kuku wa kuchoma, maziwa ya mgando kwa anayependa, na kwenye meza za barabarani karanga, ubuyu na zambarau kwa msimu wake. Karanga za kukaanga na mvinyo mtamu ni kitu kidogo kinachotosha kumaliza siku.

Kununua na kusafirisha

Nunua chupa mwisho wa ziara, ukiwa na maandishi yako ya kuonja mkononi. Chagua zenye lebo inayosomeka, alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA, zilizokaa dukani mahali pa kivuli. Chupa iliyokaa dirishani juani miezi mitatu iache hapo ilipo, hata kama jina lake ulilipenda kiwandani. Mvinyo wa Dodoma wa bei ya kawaida haukutengenezwa kuwekwa miaka kumi, hivyo nunua kiasi utakachokunywa ndani ya mwaka.

Kila chupa ifunge kwa nguo nene, kanga au fulana, uipange katikati ya begi, na begi likae nawe, si kwenye buti la basi juu ya injini wala kwenye gari lililoegeshwa juani wakati mnakula, kwa kuwa saa moja ya joto hilo hutosha kuupika mvinyo na kusukuma kizibo. Ukifika nyumbani usifungue siku hiyo. Mtikisiko wa safari hutibua masimbi yaliyotulia chini na kuufanya mwekundu uonekane mgumu kuliko ulivyokuwa Dodoma. Zilaze chupa zenye vizibo vya gome, simamisha zenye vifuniko vya kuzungusha, mahali penye giza na ubaridi, kwa muda wa wiki moja. Kisha tafuta mbuzi.